Kaseti ya Saba ya Filamu Yetu

Amisi, rafiki yangu,

Nimekuwa muntu mukubwa. Nilisimama mbele ya wataalamu wa sinema huko Ulaya, koti mwilini, wakanipigia makofi hata mikono ikawauma.

Haya, nimedanganya. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki kwa binti yako Mwamini, kule Alunguli ng'ambo ya muto, tukiangalia sherehe yenyewe kwenye simu yake. Makofi yalikuwa yako. Koti pia ni lako, alinipa baada ya matanga, na linanibana kwapani. Ulikuwa na mabega ya kuku, bwana.

Sikiliza yaliyotokea tangu ututoroke. Ile filamu yetu, tuliyopiga wakati wa vita kwa kamera yangu ya kurekodia arusi, muji umezingirwa, treni haiji, sabuni haionekani, leo njo inasifiwa. Unakumbuka: ndani yake muchuuzi wa chumvi anauawa kando ya reli, na mimi fundi baiskeli ninashukiwa. Ulinikimbiza kwenye matope mara kumi na moja, ukasema, "Asumani, unakimbia kama muntu anayewahi choo." Sasa wataalamu wameandika kwamba zile mbio zimebeba uchungu wa taifa zima. Taifa gani? Ulikuwa uchungu wa goti!

Kinachonichosha zaidi ni mwisho. Filamu inakatika bila kusema nani aliua, nao wanasema akili yako yote iko pale: eti umeheshimu ukimya wa muji unaoogopa. Ukimya wapi? Kindu hii, ukikohoa upande wa Kasuku, watu wa Mikelenge wanajua dawa unayokunywa. Na kwa kuwa muuaji hatajwi, wanawake wa soko wamenichagua mimi. Nikipita wanaitana, "Ficheni visu, muuaji huyo!" Mimi, ambaye hata kuku jirani njo ananichinjia.

Wewe na mimi tunajua mwisho ulikuwepo. Ulikuwa kwenye kaseti ya saba: chefu wa mutaa analia, anakiri kwamba ni yeye, na mimi ninaachiliwa. Nilikuambia askari waliichukua kwenye kizuizi. Yule aliyecheza chefu alikuwa amekimbilia mbali, kule Tunda, hakurudi tena. Basi ukaunganisha filamu hivyohivyo, bila neno.

Amisi, hakuna askari aliyeichukua. Binti yangu Zaina alikuwa anaolewa, kaseti mupya haikupatikana Kindu nzima, na baba wa bibi arusi njo muntu pekee mwenye kamera. Nilirekodi arusi juu ya ile yako. Nilijiambia, filamu itarudiwa, arusi hairudiwi.

Sasa linaloniudhi. Siku tulipoonyesha arusi nyumbani, ulikaa mbele kabisa, sahani mukononi. Zaina anacheza na shangazi zake, ngoma inaisha, mara uso wa chefu wa mutaa ukatokea, machozi mashavuni, muda wa kumeza tonge moja tu. Nikazima. Ukanigeukia. Nikangoja unipige.

Ukasema, "Wali umeiva vizuri."

Basi! Miaka yote ile, basi! Kwa nini hukunitukana, we muntu? Matusi yako nilikuwa nayajua, ningeyabeba. Huo upole umenikaa kooni kama mufupa wa samaki. Tena ukaenda kuwaambia wageni kwamba mwisho uliuacha kwa makusudi. Ulinifunika mimi, wao wakaita ufundi.

Na angalia ulichoniachia. Wale wa Ulaya wamemwuliza Mwamini kama kuna kipande kilichobaki. Amesikia kuna askari mumoja wa zamani anachimba madini Kampene, ana sanduku la vitu vya wakati ule. Kesho kutwa anapanda pikipiki kwenda kumutafuta, mvua hii, barabara ile, kwa ajili ya uongo wangu. Jana aliniambia, "Baba mudogo, niombee niipate kaseti ya baba." Nikaitika amina. Amina, Amisi! Kwa mudomo huuhuu!

Kesho asubuhi navuka muto na kaseti ya arusi. Nitamwambia yote kabla hajafunga mizigo. Nakuahidi, hata akinifukuza na ufagio. Kile kipande cha kumeza tonge bado kiko, nimekiangalia mara mbili. Ni chake. Zaina atanielewa, na asiponielewa, shauri yake na mume wake.

Mungu akuweke pahali pema, upende usipende.

Ila kabla hujageuka ulale: siku ulipokwenda kuposa, baba mukwe wako alinivuta pembeni akaniuliza kama unaswali. Nilimwapia kwamba swala tano hazikupiti. Wewe! Sasa ni zamu yako. Nitangulie kwa Mwamini katika ndoto, unisemee maneno mawili matatu mazuri. Yakiwa ya uongo, si kitu.

Asumani