Kosa Nililokiri

Nachingwea

Jumatatu, 6 Machi 1950
Posho leo. Sembe, sukari, chumvi. Maharage hayajaja tena. Nimeshinda juu ya trekta, mgongo umekufa ganzi. Mama Saidi kapika ugali mweupe, chai ndiyo mboga. Kambi ya karanga, na nyumbani kwangu hakuna hata punje. Za mbegu zimepakwa dawa, haziliwi. Nilipomtoa mke wangu kwao Nandagala nilijisifu kwamba hatatwanga mtama tena. Kweli, hatwangi.

Alhamisi, 16 Machi
Saidi amevimba miguu. Nywele zimekuwa nyekundu, nyepesi. Ana mwaka mmoja na nusu, hacheki, hataki kusimama. Mama yake alipanda kunde nyuma ya nyumba. Nyapara kaamuru zing'olewe, kambini hakulimwi. Nimechoka kuomba.

Jumatatu, 27 Machi
Majirani wameshahukumu. Mtoto kabemendwa. Yaani natembea nje ya ndoa wakati mtoto bado mchanga, na uchafu wangu umemwangukia. Mimi, ninayerudi kutoka shambani nikalala na viatu! Mama Saidi hasemi nami. Nina hasira naye. Namwonea huruma pia.

Jumanne, 4 Aprili
Zahanati. Mganga kasema ni chakula. Sembe tupu haimjengi mtoto, apewe karanga, kunde, mayai. Nitapata wapi? Dukani kuna biskuti. Kwa mama mkwe, Nandagala, vyote vipo. Nimemwambia mke wangu ampeleke. Kakataa. Mama yake ndiye mwenye dawa ya kubemendwa, na hampi mtoto ambaye baba hajakiri, eti haishiki. Na mganga wa zahanati kwake ni mwanamume mwenzangu, ananifichia.

Alhamisi, 13 Aprili
Saidi hali kitu. Uso umevimba, macho hayafumbuki vizuri. Asubuhi nilimwambia mke wangu, "Mama Saidi, ni kweli. Nilitembea."
Akauliza na nani. Nikataja mwanamke wa Marambo, ambaye hayupo duniani.
"Ungesema mapema, Baba Saidi, mtoto asingefika hapa."
Hakulia. Mchana wamepanda lori la Ruangwa, kwenda Nandagala. Nimebaki na aibu ya kitu nisichokifanya.

Jumamosi, 10 Juni
Shemeji, kaka yake Mama Saidi, kapita kambini. Saidi anatembea. Anakula uji wa mtama wenye karanga, anakula majani ya kunde, anadai tena. Nilifurahi hadi nikakaa chini.
Huko wanasema dawa ya bibi yake imeshika. Imeshika kwa sababu nilikiri, na kama imeshika basi nilitenda. Mama Saidi harudi. Nikikana sasa nani ataniamini, na mtoto anakimbia uani?
Sikukana. Nikampa shemeji fulana niliyomnunulia Saidi. Akaipima kwa macho, akasema haitamtosha.