Dhoruba Iliyofia Baharini

Dada yangu mpendwa,

Sisi hatujambo. Ile dhoruba uliyoisikia redioni ilipata nguvu kidogo, kisha ikafia baharini kabla ya kufika pwani. Tulipata mvua tu, na bati moja la jikoni liling'oka.

Nilikwambia kwenye simu kwamba nilimbeba Baba hadi shuleni, kule mlimani. Nilikudanganya. Nilikimbia na mke wangu na watoto, nikamwacha kitandani na miguu yake iliyopooza. Nilisema nitamrudia. Niliogopa, sikurudi.

Asubuhi nilimkuta jirani yetu, fundi cherehani, akimnywesha Baba chai. Fundi hakuitikia salamu yangu. Baba akaniuliza, "Watoto hawakulowa?"

Njoo unigombeze, dada. Baba amekataa.

Mdogo wako