Walimu Wawili Wananuniana, Binti Yangu Anangoja

Shangazi wa gazeti, nishike mkono kabla sijawafungia mlango wote wawili. Binti yangu ana miaka mitano, bado hasemi, na nyumbani wanakuja walimu wawili wa tiba ya tabia kwa zamu, wanamfundisha kuomba vitu kwa picha, sasa wa asubuhi anaandika kila jaribio, amepata, amekosa, kichwa chini kama karani, na wa jioni anaandika jaribio la kwanza tu kisha kalamu pembeni wanacheza, halafu wa asubuhi ananiambia, "Mama, picha ya maji ameshaiweza, tusonge mbele," wa jioni anasema, "Bado kabisa, nikiingia tu anababaika," wakaanza kununiana, huyu akamwita mwenzake mvivu, nikamfikishia, yule akajibu kwamba yeye anafundisha mtoto, hafundishi karatasi, na juzi binti yangu alichukua picha ya maji mwenyewe, hakuna aliyemwagiza, mara yake ya kwanza, akamnyooshea mwalimu wa asubuhi, naye macho kwenye karatasi akasema, "Subiri kidogo," mtoto akangoja weee, mwisho akaitupa akajificha nyuma ya kochi, mimi mlangoni machozi yananitoka, na baba yake anasema tubaki na mmoja, sasa nimfukuze nani?

Mama Nimechoka

Mama Nimechoka, pole sana, na usimfukuze mtu. Hakuna anayekudanganya. Wa asubuhi anahesabu hata yale majibu ambayo mtoto anayapata baada ya kusaidiwa; wa jioni anapima kile mtoto anachokumbuka kabla ya mazoezi. Hayo ni maswali mawili, na watu wazima wawili wenye vyeti wameshindwa kukaa chini waambizane hivyo! Nawe unabeba maneno ya huyu kumpelekea yule. Koma.

Waite pamoja, msimamizi wao awepo. Wote waandike jaribio la kwanza, kwa picha zilezile, kabla ya msaada wowote, na hilo ndilo liamue kama ameiweza. Kila jaribio liandikwe pale tu anapokwama na mnatafuta anapokosea. Mtoto akinyoosha picha, kalamu chini, palepale.

Ila mnanitia hasira nyote watatu. Binti yako ameomba kitu bila kuagizwa, kwa mara ya kwanza, nanyi mnabishana kuhusu tiki! Funga gazeti hili. Kaa naye sakafuni, picha ziwe karibu yake, na akikunyooshea yoyote, mpe. Hata kama simu inaita.