Mtaalamu wa Riale ya Nyanya

Mwanarusi, sijui nicheke ama nilie.

Ile riale, sarafu ya kale ya fedha ya nyanya yangu, niliyompa mama mkwe? Musyimi, yule anayejiita mtaalamu wa sarafu hapa Voi, ameiita feki mbele yake. FEKI!

Riale ina herufi ukingoni, vile katalogi ya makumbusho ya Mombasa inavyosema. Lakini katalogi ya Musyimi, aliyoiandika mwenyewe, inasema ukingo ni mtupu. Kwa hivyo riale ndiyo inadanganya!

Nikamuuliza, "We umewahi kuushika ukingo wa riale?"

"Niliandika nikitazama picha."

Picha, shoga! Picha ya uso wa sarafu!

Mama mkwe akampapasisha zile herufi kwa kidole. Musyimi akanywea. Akasema atarekebisha katalogi yake, akatoa simu apige picha.

Akailaza riale chali mezani, akapiga picha ya uso tena.