Kwa Nini Sikufika Kitale

Mama Nafula,

Nakusalimia wewe kwanza, wengine watangoja mwisho wa barua. Goti lako je? Na dada yako hapo Kitale, bado anakupa kitanda au umeanza kulala na kuku? Mimi ni mzima, sina hata kikohozi. Wazee wa rika langu hapa Lodwar wanatembea na fimbo, mimi natembea na nyundo.

Najua umekasirika. Ulisema unanipa lori moja tu, nisipokuja nalo kukuchukua unarudi Kimilili na neno la Lodwar lisitajwe tena. Soma mpaka mwisho ndipo urudi.

Si ulisema huwezi kukaa mahali jicho halioni jani? Basi nikafuata rangi mpaka Kakuma. Kijani kile kizito, karibu cheusi, kinachong'aa kama majani ya kahawa mvua ikishapita. Nikapaka kuta, kitanda, kabati, hata kigoda chako. Wakubwa wa serikali hapa hawana chumba kama hiki. Siku ya lori nikamalizia mlango na fremu yake. Adhuhuri upepo ukaanza, na mchanga wa huku ukishika rangi mbichi ukuta unakuwa kama ngozi ya mamba. Nikafunga mlango haraka, nikajilaza ningoje lori.

Niliposikia honi nikavuta mlango. Umeshika. Joto la mabati limekausha rangi, mlango na fremu vimekuwa kitu kimoja. Nikavuta tena, kishikio kikabaki mkononi. Dirisha nalo lina vyuma, nilivitia mwenyewe, na kazi yangu unaijua, haing'oki.

Akiru, yule mama anayeniuzia maziwa, akaja dirishani na salamu yake ya Kiturkana na Kiswahili chake cha kuokota.

"Ejok, mzee. Lori yako nangoja."

"Ejok noi. Mwambie dereva navaa."

Akaenda, akarudi.

"Mzee, wewe navaa nguo ngapi?"

"Suti."

"Dereva nasema naenda."

"Mwambie suti ina vifungo vingi."

Ningepiga kelele kwamba nimefungwa na mlango wangu mwenyewe, mbele ya lori zima la watu? Nikasikia lori linashuka mtoni, linavuka, halafu upepo tu. Mama Nafula, chumba kile kikawa kidogo. Kijani pande zote, hewa hakuna, jasho machoni. Nikakaa kwenye kigoda chako.

Akiru akaita vijana wenye shoka. Mlango ukawa kuni, ameshachemshia chai.

Na sasa nimefungwa zaidi. Nimetundika ngozi ya ngamia mlangoni, mbuzi wanapita chini yake. Vifaa vyangu vyote vimo ndani, siwezi kuviacha wazi nije Kitale, na mbao za mlango hazipatikani hapa wala Lokitaung.

Kwa hiyo njoo wewe, na mlango. Dereva aliyekuletea barua hii anarudi huku. Aufunge juu ya mizigo, wewe ukae mbele naye. Sikubembelezi. Lakini kila lori likipita natoka nje kuangalia, na nikitoka mbuzi wanaingia.

Msalimie dada yako, shemeji yangu mwenye mdomo. Msalimie binti yetu Nafula na mumewe mwalimu, na mdogo wangu anayetulindia kahawa, mwambie asikate matawi bila kuniuliza.

Rangi ya huo mlango chagua wewe. Sitasema kitu.

Mumeo, fundi wa Lodwar,
Baba Nafula