Ngome ya Katoni

Al-Malqa, Jumanne

Eti Rayan ameijenga mwenyewe! Siku tatu nimekata katoni na kubandika kuta za ngome ya Wahispania, kazi ya shule ya huyu mtoto wa madam, huku Luz akinielekeza. Luz ni mpishi wetu, Mfilipino, na ngome yenyewe iko mjini kwao.

Leo mwalimu amemsifu, madam akamnunulia keki. Kwangu asante mafi, yaani hakuna, kwa Kiarabu cha hapa. Nikaambiwa nifagie vipande vya katoni.

Nikamuuliza Luz ile ya kwao ilijengwa na nani.

"Kibao kinasema Wahispania," akasema. "Lakini mawe walibebeshwa babu zetu, kwa viboko."

Nikaigeuza yetu ya katoni, iliyorudishwa kutoka shule. Chini nilikuwa nimeandika jina langu, Akinyi, kwa penseli, dogo tu. Limefutwa. Pameandikwa Rayan, kwa zile herufi nilizomfundisha mimi.