Kitambaa Cheupe cha Mokeira

Gesima, Jumapili

Mdogo wangu Purity,

Majani chai yamechipuka vizuri, na mwanao Mokeira anakula na kunenepa. Siku hizi anachora tu, kwa utomvu wa mgomba. Akichora huoni kitu, lakini ukikauka unageuka kahawia, na hautoki kwa sabuni yoyote.

Jana foronya yake ilitoa picha: mtoto ndani ya banda la kuku, na nje mwanamke mwenye kilemba kama changu, ameshika kufuli. Nani anamfundisha uongo huo? Nilimfungia mara moja tu, labda mbili, alipokataa kunyamaza akikulilia.

Kile kitambaa alichokutumia huko Doha nilikikagua mwenyewe, kilikuwa cheupe. Sasa kina nini? Usimwonyeshe mtu. Kirudishe upesi, nikufulie.

Dadako anayekulelea,
Bosibori